Wasia wa Sultani Iltutmish: Habari za Urithi wa Kiti cha Delhi

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, nasema hivi.

Wazee wa Jumuiya waliponitaka niandike kurasa chache za kitabu hiki cha ukumbusho, walinipa hiari ya kuchagua habari niipendayo. Wenzangu wamekwisha kueleza jinsi msikiti wetu ulivyojengwa na jinsi madrasa ilivyoanza, nami sina la kuongeza. Kwa hiyo nimekwenda mbali, hata Bara Hindi, katika karne ya saba ya Hijra, nikachukua habari za masultani wa kwanza wa Delhi. Sikuzichukua kwa ajili ya fahari ya majumba yao wala wingi wa tembo wao. Nimezichukua kwa kuwa katika muda wa miaka 84, tangu 1206 hata 1290, walikaa juu ya kiti kile watu 11, na katika hao ni wanne tu waliofikwa na mauti wangali wakikikalia. Saba waliobaki waliondolewa kwa nguvu.

Msomaji atauliza: Watu wenye jeshi kubwa namna ile, wenye wanachuoni na makadhi, walishindwa na nini? Jibu langu ni kwamba walijua kila jambo la utawala isipokuwa moja. Hawakupatana hata siku moja juu ya njia ya kumpata atakayefuata.

WATUMWA WALIOKUWA WAFALME

Masultani hawa huitwa na wanahistoria Mamluki. Katika Kiswahili chetu neno hili limekuwa la lawama, maana yake askari wa kukodiwa. Bali asili yake katika Kiarabu ni mtu anayemilikiwa. Vijana wa Kituruki walinunuliwa masokoni katika nchi za Asia ya Kati, wakafunzwa dini, kupanda farasi na kutupa mishale, kisha wakatiwa katika jeshi na katika nyumba ya mfalme. Mtumwa wa namna hii hakuwa mpagazi wala mkulima wa shamba. Aliweza kuwa liwali, au jemadari, au hata mkwe wa bwana wake.

Sultani Muhammad wa Ghor, aliyeshinda vita vya Tarain mwaka 1192 na kuifungua India ya Kaskazini, hakujaliwa mtoto wa kiume. Husimuliwa kwamba mtu mmoja katika baraza lake alimsikitikia kwa jambo hilo, naye akajibu kuwa wafalme wengine wana mtoto mmoja au wawili, bali yeye ana maelfu ya watoto, nao ni watumwa wake wa Kituruki, ndio watakaomrithi. Neno hili lilikuwa la fahari, lakini ndani yake mlikuwa na mashaka. Maelfu ya warithi ni sawasawa na kutokuwa na mrithi. Alipouawa mwaka 1206, watumwa wake wakubwa walijigawia nchi, kila mmoja akashika upande wake, wakageukiana.

Aliyeshika upande wa India alikuwa Qutbuddin Aibak, ambaye utotoni alinunuliwa na kadhi mmoja wa Nishapur na kusomeshwa pamoja na wana wa kadhi huyo. Yeye ndiye aliyeanza kuujenga mnara mkubwa wa Qutb Minar uliopo Delhi hata leo. Alitawala miaka minne tu. Mwaka 1210, mjini Lahore, alikuwa akicheza mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo juu ya farasi. Farasi akaanguka, naye akafa. Hakuwa ametaja wa kumfuata. Wakubwa wa Lahore wakamsimamisha Aram Shah. Wakubwa wa Delhi wakamwita liwali wa Badaun, mkwe wa Aibak, jina lake Shamsuddin Iltutmish. Wakapigana, Iltutmish akashinda, na mwaka 1211 akakaa juu ya kiti.

HATI CHINI YA BUSATI

Habari za Iltutmish zinafanana kidogo na kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, na mwandishi Minhaj Siraj Juzjani, aliyekuwa kadhi katika zama hizo hizo, ameligusa jambo hilo. Ndugu zake walimwonea wivu, wakamchukua kwa hila ya kwenda kutazama farasi, wakamwuza kwa mfanya biashara. Akapelekwa Bukhara, kisha Ghazni, mwisho akafika Delhi akanunuliwa na Aibak. Akapanda daraja baada ya daraja. Katika vita moja karibu na mto Jhelum aliingia na farasi wake majini akawapiga maadui kwa mishale, na Sultani wa Ghor alipoona ushujaa huo akamwamrisha Aibak ampe uhuru wake.

Uhuru huo ulikuja kumfaa. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa kwetu huku Afrika ya Mashariki mwaka 1331 kabla ya kufika Delhi, ahadithia kuwa Iltutmish alipokwisha kukaa kitini, wanachuoni walimwendea wakiongozwa na kadhi mkuu. Wakaketi mbele yake, kimya. Sultani akafahamu wanalotaka kuuliza wala wasithubutu kulitamka: Je, mtumwa aweza kuwatawala Waislamu walio huru? Akainua upembe wa busati alilokuwa amelikalia, akatoa hati ya kuachwa kwake huru, akampa kadhi. Kadhi akaisoma, na wote wakampa mkono wa utii.

Ewe msomaji, tazama vizuri jambo hili. Mtu huyu hakusema, "Mimi nimeshinda vitani, basi nyamazeni." Alionyesha hati. Alijua kuwa upanga humpa mtu kiti, lakini haumpi haki ya kukikalia. Kwa sababu hiyo hiyo alifurahi sana mwaka 1229 wajumbe wa Khalifa wa Baghdad, al-Mustansir, walipofika Delhi na joho la heshima na barua ya kumthibitisha. Alitawala miaka 25. Aliwashinda wapinzani wake wawili wakubwa, Yildiz na Qabacha. Genghis Khan alipofika ukingo wa mto Indus mwaka 1221 akimwinda mwana wa mfalme wa Khwarazm, Iltutmish aliepuka kumpokea mkimbizi huyo kwa busara, na nchi yake ikasalimika na moto ulioteketeza Bukhara na Samarkand. Alipiga sarafu ya fedha iitwayo tanka. Aliumaliza mnara wa Aibak. Na aliweka amri kwamba mwenye kudhulumiwa avae nguo ya rangi, maana watu wa huko wakati huo walivaa nyeupe, ili Sultani akipita amtambue na kumsikiliza.

Nimelitaja jambo la nguo makusudi. Litarudi mbele.

WASIA

Sheria yetu imegawa mali ya maiti kwa hesabu isiyo na shaka: nusu, robo, thumni, thuluthi na sudusi. Mwanafunzi wa madrasa aweza kuigawa shamba na nyumba ya babu yake pasipo ugomvi. Lakini kiti cha enzi si shamba. Hakigawanyiki, wala hakimo katika hesabu ya mirathi. Kwa Waturuki, desturi ilikuwa kwamba ufalme ni wa nyumba nzima ya mfalme, na yeyote wa damu ile aweza kuudai. Kwa maamiri, mfalme mzuri ni yule aliyesimamishwa na wao. Na kwa mfalme mwenyewe, mrithi ni yule aliyemchagua. Njia hizi tatu zilikutana mlangoni mwa Iltutmish zikagongana.

Tumaini lake lilikuwa mwanawe mkubwa, Nasiruddin Mahmud, liwali wa Bengal. Mwaka ule ule wa 1229, furaha ya joho la Khalifa ikiwa haijapoa, ikaja habari kuwa kijana huyo amekufa. Baba akamjengea kaburi karibu na Delhi mwaka 1231, nalo lingaliko. Baada ya hapo akawatazama wanawe waliobaki, asiridhike nao. Akamtazama binti yake Raziya, ambaye jina lake ndilo Radhiya kwa matamshi yetu. Alipokwenda kuizingira ngome ya Gwalior, alimwachia Raziya kazi ya kuuangalia mji wa Delhi. Aliporudi na ushindi, mwaka 1232, akakuta mambo yako sawa. Basi akamwamuru mwandishi wake aandike hati ya kumtaja binti huyo kuwa mrithi wa ufalme.

Maamiri wakanung'unika: Vipi Sultani amtaje binti na hali anao wana wa kiume walio wakubwa? Naye akawajibu, kama alivyosimulia Juzjani, kwamba wanawe wameshughulika na anasa za ujana, hakuna hata mmoja awezaye kuitengeneza nchi, nao watakuja kuona baada ya kufa kwake kuwa hapana afaaye kuliko yeye.

Mas'ala ya mwanamke kushika ukuu wa dola yana maneno mengi ya wanachuoni, nami sikuketi hapa kuyahukumu. Ninalotaka lionekane ni hili: Sultani aliona haki, akaiandika, akaifunga. Lakini hakuwashirikisha wale ambao siku ya kufa kwake ndio watakaokuwa na funguo za mji mikononi. Walinyamaza kwa kumwogopa yeye, si kwa kuridhika. Wasia ulioandikwa mbele ya watu wasioridhika ni kama mbegu iliyopandwa juu ya jiwe.

MWANA WA ANASA NA BINTI WA NGUO NYEKUNDU

Sultani akafa mwezi wa Shaaban mwaka 633, yaani mwishoni mwa Aprili 1236. Kabla hata wasia haujakunjuliwa, maamiri wakamweka kitini mwanawe Ruknuddin Firuz. Huyu alikuwa mkarimu mno, lakini ukarimu wa mpotevu: alipanda tembo akiwa amelewa, akapita sokoni akimwaga dhahabu kwa watu. Utawala ukawa mikononi mwa mama yake, Shah Turkan, ambaye alilipiza visasi vya miaka mingi juu ya wake wengine wa marehemu. Mtoto mmoja wa Sultani, jina lake Qutbuddin, akatiwa upofu kisha akauawa. Maliwali wa Multan, Lahore, Hansi na Badaun wakaasi. Hata waziri akatoroka kuwafuata.

Firuz alipotoka na jeshi kwenda kupigana nao, mama yake akafanya njama za kumwua Raziya. Ndipo binti yule alipoikumbuka amri ya baba yake. Siku ya Ijumaa, watu wamekusanyika katika Msikiti Mkuu, akatokea juu ya dari ya jumba la kale lililo karibu na msikiti, amevaa nguo za rangi, nguo za aliyedhulumiwa. Akawakumbusha watu wema wa baba yake kwao, akawataka wamnusuru. Watu wa Delhi wakaliendea jumba la mfalme, wakamkamata Shah Turkan, na Raziya akawekwa kitini Novemba 1236. Firuz akakamatwa naye, akafia kifungoni. Alikuwa ametawala miezi isiyotimia saba.

Katika habari zote za miaka 84, hapa ndipo mahali pekee nilipoona raia wa mji, wachuuzi na mafundi na watu wa sala ya Ijumaa, wakiwa na sauti katika kumpata wa kuwatawala.

RAZIYA NA YAQUT MHABESHI

Raziya alitawala miaka mitatu na miezi sita. Akatengeneza mambo, akasikiliza mashtaka, akatuma majeshi. Huyo Juzjani niliyemtaja alipewa naye usimamizi wa madrasa kubwa ya Delhi, na katika kitabu chake amemsifu kwa akili, uadilifu, ukarimu na uongozi wa vita, kisha akasikitika kwamba, kwa kuwa hakuumbwa mwanamume, sifa zote hizo zilimfaa nini? Baadaye Raziya aliacha kukaa nyuma ya pazia, akavaa joho na kofia kama wanaume, akapanda tembo hadharani watu wakamwona.

Maamiri waliomkubali kwa matumaini ya kumwongoza walivyotaka, wakaona hakubali kuongozwa. Akaanza kuwainua watu wasio Waturuki. Mmoja wao alikuwa mtu wa bara letu hili, Jamaluddin Yaqut, Mhabeshi, akamfanya mkuu wa mazizi ya farasi ya Sultani. Cheo hicho si kidogo katika ufalme ambao nguvu zake zote zilikuwa juu ya mgongo wa farasi. Waturuki wakakasirika. Nao walikuwa wametoka utumwani juzi tu. Bali mtu akisahau alikotoka, huwa mwepesi wa kumdharau anayepanda ngazi ile ile aliyopanda yeye.

Uvumi ukatembea juu ya Raziya na Yaqut. Juzjani, aliyekuwako na kuyaona mambo kwa macho yake, hasemi zaidi ya kuwa Yaqut alipata ukaribu kwa Sultani na kwamba jambo hilo liliwaudhi maamiri. Ibn Battuta, aliyefika Delhi baada ya miaka karibu 100, ndiye aliyeukuta uvumi umekuwa mkubwa, akaupokea na kuuandika. Ndivyo ulivyo ulimi wa watu: maiti hawezi kujitetea, na kila mwaka unaopita humwongezea dhambi nyingine.

Uasi haukuzuka Delhi, kwa maana pale watu walikuwa pamoja naye. Ulizuka mbali. Kwanza liwali wa Lahore. Raziya akaenda akamtiisha. Hajapumzika, akaasi Altunia, liwali wa Tabarhinda. Raziya akatoka tena katika mwezi wa Ramadhani mwaka 637, yaani 1240. Huko maamiri wa jeshi lake mwenyewe wakamgeuka, wakamwua Yaqut, wakamtia yeye kifungoni. Na Delhi, kabla ya Ramadhani kwisha, wakamsimamisha ndugu yake Muizzuddin Bahram.

Altunia alipoona wenzake wamegawana vyeo pasipo kumkumbuka, akamtoa Raziya kifungoni, akamwoa, wakakusanya jeshi kwenda kukirudisha kiti. Wakashindwa. Askari wao wakawakimbia, na mwezi wa Oktoba 1240, karibu na Kaithal, wote wawili wakauawa na watu wa mashamba. Ibn Battuta ahadithia kuwa Raziya alikuwa na njaa, akamwomba mkulima chakula, akapewa kipande cha mkate akala, akalala. Mkulima akaona chini ya nguo zake za kiume kanzu yenye vito, akatambua kuwa ni mwanamke, akamwua kwa ajili ya kanzu ile. Binti aliyeingia katika ufalme kwa nguo ya rangi akatoka duniani kwa nguo ya vito.

MAAMIRI AROBAINI

Barani, mwandishi wa karne ya 14, huwaita maamiri hawa Arobaini. Wengi wao walikuwa watumwa wa Iltutmish: aliwanunua, akawalea, akawapa majimbo. Alidhani amewaandaa kuwa nguzo za nyumba yake. Wakawa wenye nyumba.

Bahram walimweka kwa sharti kwamba awepo naibu wa ufalme mwenye amri zote. Naibu huyo, Aytegin, akamwoa dada yake Sultani, akapigiwa ngoma mlangoni pake kama zipigwavyo kwa mfalme. Bahram akaamrisha auawe. Kuanzia hapo hakuna aliyemwamini mwenziwe. Mwezi wa Desemba 1241 Wamongoli wakaingia Lahore wakaiharibu. Jeshi lililotumwa kuwapiga likageuka njiani, likarudi kuizingira Delhi, na mwezi wa Mei 1242 Bahram akauawa. Tazama balaa hii: adui yu mlangoni, nao wanashughulika na nani akae kitini.

Siku hiyo amiri mmoja alithubutu kujitangaza mwenyewe kuwa mfalme. Wenzake wakamkataa siku ile ile, kwa maana kila mmoja alisema moyoni: Kwa nini yeye, nisiwe mimi? Wakafungua gereza, wakawatoa wana watatu wa nyumba ya Iltutmish, wakamchagua Alauddin Masud, mwana wa yule Firuz. Basi damu ya mfalme ilibaki na kazi hii moja, nayo ni kuwazuia wenye nguvu wasichinjane. Miaka minne baadaye wakamchoka Masud naye, wakamtia kifungoni, asitoke tena.

Mwezi wa Juni 1246 wakamleta kwa siri Nasiruddin Mahmud mdogo, aliyepewa jina la yule ndugu aliyekufa Bengal. Mama yake alimtoa Bahraich kwa kisingizio kuwa ni mgonjwa aendaye kutibiwa, na usiku akamfunika ushungi wa kike juu ya farasi asitambuliwe. Raziya aliondoa pazia ili atawale. Ndugu yake alijifunika ushungi ili akifikie kiti.

Mahmud alikaa miaka 20. Siri ya kudumu kwake ni kwamba hakutawala. Alikuwa mcha Mungu, akinakili Misahafu kwa mkono wake na kuiuza apate riziki yake. Ibn Battuta asema alionyeshwa nakala moja, yenye hati nzuri. Utawala aliushika Ghiyasuddin Balban, mmoja wa Arobaini, aliyemwoza Sultani binti yake mwaka 1249 akawa naibu wake. Mahmud alipokufa mwaka 1266 pasipo kuacha mwana wa kumrithi, Balban hakuwa na safari ndefu: alitoka nyuma ya kiti akakaa juu yake.

WASIA WA PILI

Balban alikuwa ameona yote. Aliwajua Arobaini kwa kuwa alikuwa mmoja wao. Akawavunja mmoja mmoja, kwa upanga na kwa fedheha, na husimuliwa kuwa kwa sumu pia. Akaweka adabu kali barazani, hata watu wakalazimishwa kusujudu mbele ya kiti, jambo ambalo Mwislamu hawezi kulisoma bila kukunja uso, kwa maana sujudu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Hakucheka barazani, wala hakuna aliyethubutu kucheka. Nchi ikatulia, njia zikawa na amani.

Lakini swali lile lile lilikuwa likimngoja. Alimwandaa mwanawe mkubwa, Muhammad, mpenda elimu na washairi, naye mwaka 1285 akauawa vitani na Wamongoli. Barani asema mzee yule, aliyepita miaka 80, mchana aliketi barazani kama kwamba halikutukia jambo, na usiku alilia. Akamwita mwanawe wa pili, Bughra Khan, kutoka Bengal, amrithishe. Bughra akakaa kidogo, akachoshwa na ukali wa baba na hofu ya kiti, akajifanya anakwenda kuwinda, akarudi zake Bengal. Basi Balban akamwusia Kai Khusrau, mwana wa yule marehemu, akafa mwaka 1287.

Wasia haukuishi. Mkuu wa ulinzi wa mji, aliyekuwa na kinyongo na nyumba ya Muhammad, alipatana na wenziwe wakamweka Kaiqubad, mwana wa Bughra, kijana wa miaka 17 au 18. Kijana huyu alilelewa chini ya walimu wakali, akizuiliwa kila kitu. Alipofunguliwa akakimbilia kila alichozuiliwa. Baba yake akaja na jeshi kutoka Bengal, na mwaka 1288 wakakutana kwenye mto Sarayu. Watu walidhani wataona vita. Mwana akashuka kitini akaanguka miguuni pa baba yake, wote wawili wakalia. Baba akamwusia, akaondoka. Mshairi Amir Khusrau alitunga kitabu kizima juu ya mkutano huo mwaka 1289. Lakini shairi halimponyi mtu. Kaiqubad alirudia anasa, akapooza mwili, Kai Khusrau akiwa amekwisha kuuawa kwa njama za barazani. Maamiri wakamweka mwanawe mchanga Kayumars, na mwaka 1290 Jalaluddin Firuz, mkuu wa Wakhalji, mzee wa miaka 70, akaichukua nchi. Kaiqubad aliuawa kitandani, maiti yake ikatupwa katika mto Yamuna. Hapakuwa na amiri wa kuitetea nyumba ya Balban, kwa sababu Balban mwenyewe alikuwa amewamaliza.

Barani asimulia kuwa Jalaluddin alipoingia mara ya kwanza katika jumba la Balban, alishuka farasi nje ya mlango, mahali alipokuwa akishuka zamani alipokuwa mtumishi. Wakamwambia, "Jumba sasa ni lako." Akalia. Alijua kuwa alichokipata kwa njia ile chaweza kumtoka kwa njia ile ile. Na mwaka 1296 kikamtoka: aliuawa na mwana wa nduguye, aliyekuwa pia mkwewe.

TULIYOYAPATA

Ndugu zangu, sisi hatuna viti vya enzi. Tuna kiti cha mwenyekiti, meza ya mtunza hazina na mfuko wa funguo za madrasa. Lakini nafsi ya mwanadamu ni ile ile. Nilipokuwa kijana, katika mji mwingine nilikosoma, alikufa mwalimu wetu mkuu, mtu mwema aliyefundisha miaka mingi. Alikuwa amemwambia mtu mmoja, faraghani, nani amfuate. Tulipotoka kuzika, funguo zilikuwa kwa mtu mwingine. Kila upande ukaapa kuwa una haki, na kwa kweli kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Madrasa ilifungwa miezi minane. Watoto waliokuwa wamefika Juzuu Amma waliisahau. Sikumbuki nani alishinda. Nawakumbuka wale watoto.

Iltutmish aliposhika hati ya uhuru wake mkononi, wote walimtii, kwa kuwa hati ile ilisomwa mbele ya wote na kadhi akaikubali. Aliposhika hati ya wasia wa binti yake, haikumfaa, kwa kuwa walioisikia hawakuikubali, wala hawakupewa nafasi ya kusema kwa nini. Tofauti ya hati mbili hizi ndiyo somo lote. Balban alikuwa na nguvu kumpita, na wasia wake haukumaliza hata siku za matanga.

Basi wenye kushika amana katika Jumuiya hii, wazee na vijana, nawaomba haya. Njia ya kumpata afuataye iandikwe na isomwe mbele ya watu wakati mkubwa yu hai na mwenye afya, watu wakiulizwa na wakijibu. Wafunzwe wengi kazi moja, asiwe mmoja tu ajuaye. Na atakayepita ngazi ile ile tuliyopita, awe wa kabila gani au wa mtaa gani, asitazamwe kama Waturuki walivyomtazama Yaqut. Tukiyafanya hayo sasa, tukiwa tungali tunasemezana, watoto wetu hawatakuta mlango wa madrasa umefungwa siku watakayotoka kutuzika.

Mwenyezi Mungu atujaalie kupokea amana kwa haki na kuitoa kwa haki. Amin.